Nani Kati Yetu Akatiwe Bima

Jumanne, katikati ya Julai. Ukungu umekaa juu ya Mikinduri tangu alfajiri, na baridi imeingia mpaka ndani ya mabati niliyopanga nyuma ya duka. Wateja wa leo ni wa misumari ya robo kilo na gundi ya bomba. Hakuna anayeanza kujenga hali ikiwa hivi. Kwa hiyo nina muda, na nina jambo linalonikera, na heri niliandike hapa kwenye kaunta kuliko niende nalo nyumbani.

Leo nimetia sahihi bima ya maisha.

Yangu mimi.

Wanaosoma blogu hii kwa muda mrefu watashangaa, maana wanajua kwamba kwa miaka mitano nimekuwa nikimsumbua mume wangu, Baba Makena, akate bima. Naye kwa miaka mitano amekuwa akinijibu kwamba bima anayo tayari, imesimama shambani, inapigwa na upepo. Anamaanisha miti yake ya miraa. Acheni nieleze tulivyofika hapa, kwa sababu hata mimi mwenyewe sikuliona likija.

Lilianza na Makena, kifunguamimba wangu. Ana miaka ishirini na mitatu, na tangu Juni ameajiriwa Embu mjini katika ofisi inayotunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara. Mshahara wa kwanza haujakaa mkononi, ajenti wa bima akawa amefika mezani kwake na kalamu. Alitakiwa atoe shilingi elfu nne na mia tano kila mwezi kwa miaka kumi na tano. Akifa katikati, sisi tunalipwa laki tisa. Asipokufa, anapewa yeye laki tisa hizohizo mwishoni, pamoja na nyongeza kadiri kampuni itakavyoona inafaa. Wenzake watatu ofisini walikuwa wameshatia sahihi. Akanipigia simu kuuliza, Mama, nichukue?

Mimi si mtu wa kujibu swali kama hilo kwa simu. Nilimwambia asiguse kalamu ya mtu, aje nyumbani wikendi. Kisha nikamtafuta Madam Kagwiria.

Madam Kagwiria alimfundisha Makena darasa la tatu. Alipostaafu ualimu akaingia kuuza bima, na sasa anazunguka kutoka Muthara mpaka huku kwetu na mkoba uleule aliokuwa akibebea madaftari ya watoto. Nilimchagua kwa sababu naweza kumbishia bila kuona haya, naye hana haya ya kunibishia. Nilimwambia mapema kwamba Jumapili baada ya kanisa atakula kwangu ashibe, lakini hatauza kitu mpaka maswali yangu yaishe.

Basi Jumapili tulikuwa hivi. Makena, aliyekuja kutoka Embu. Nkatha, kitindamimba wangu wa miaka kumi na mmoja, akijifanya hasikilizi. Kendi wa katikati yuko shule ya bweni, kidato cha tatu, kwa hiyo hakuwepo, ingawa sehemu kubwa ya maneno ilimhusu yeye. Baba Makena, miaka hamsini. Mdogo wake, Kobia, ambaye pua yake hujua ni Jumapili ipi tumechinja kuku. Na mama yangu mzazi, miaka sabini na minne, aliyekuja kutoka Muthara kwa ajili ya kliniki ya macho. Yeye hakukaa mezani. Kwa heshima ya mkwe alikaa kando, karibu na mlango wa jikoni, sahani yake magotini, na yeye na Baba Makena hawasemezani zaidi ya salamu. Ndivyo kwetu.

Tulianza na Makena. Madam alitandaza karatasi zake zenye picha za familia zinazocheka, akaanza kueleza uzuri wa kuweka akiba ukiwa kijana. Nilimkatiza na swali moja tu. Makena akifa mwezi ujao, nani atakosa chakula?

Madam alifikiri kidogo, akasema hakuna.

Ndivyo. Tutalia mpaka tukauke, lakini tutakula. Hana mtoto, hana mume, hana mkopo ambao mimi nimemdhamini. Kumkatia bima kubwa leo ni kuweka kufuli kwenye nyumba ambayo haijahamiwa. Ikabaki hiyo akiba. Elfu nne na mia tano kwa mwezi ni elfu hamsini na nne kwa mwaka, na kwa miaka kumi na tano ni laki nane na elfu kumi. Anatoa laki nane na elfu kumi, anarudishiwa laki tisa. Nilimuuliza Madam mkate ulikuwa bei gani wakati Makena yuko darasani kwake, na leo ni bei gani. Akaendelea kula kuku. Nikamuuliza, na huyu mtoto akiacha kulipa mwaka wa pili kwa sababu amepata kazi Nairobi, au ameolewa, au amechoka?

Hapo alikuwa mkweli. Alisema akiacha mapema hivyo, hapati karibu chochote.

Basi hiyo ni akiba yenye faini, nikamwambia.

"Mama Makena," akasema, "ungekuwa darasani kwangu ningekutoa nje upigwe na hewa kidogo."

Watu walicheka, hata mama kule mlangoni. Lakini Madam alinishinda katika jambo moja na sina budi kuliandika. Alisema bima hununuliwa kwa afya kwanza, pesa baadaye. Leo Makena ni mzima na bei yake ni ya chini. Siku ambayo daktari atamwandikia ugonjwa, bei itapanda au mlango utafungwa. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: sasa ajiwekee pesa za kumtosha miezi mitatu bila kazi, na bima ya matibabu isikatike. Akipata mtoto, au akichukua mkopo ambao mtu mwingine ataulipa akifa, wiki hiyohiyo akate bima ya maisha, ile kavu, isiyorudisha kitu usipokufa. Ile ndiyo rahisi. Mawakala hawaisemi sana kwa sababu, kama Madam mwenyewe alivyokiri huku akicheka, chakula chao ndani yake ni kidogo.

Mama akauliza kutoka mlangoni kama na yeye yumo. Madam alimwambia kwa adabu kwamba kwa umri wake kampuni nyingi hazimchukui, ila iko bima ndogo ya mazishi. Nilipiga hesabu hapohapo: miaka minne ya kulipa, na tungekuwa tumeshatoa zaidi ya kile tutakachopewa. Mama yuko katika kikundi cha mazishi cha akina mama wa kanisa lake tangu mimi ni msichana, na hakijawahi kuacha mwanachama bila jeneza.

"Mimi nimeshamaliza kusomesha," mama akasema. "Nikifa, ng'ombe wa kuchinja yupo, nimemfuga mimi mwenyewe. Msininunulie kifo kwa mkopo."

Kwa hiyo yeye pia tukamvuka. Umri mwanzoni na umri mwishoni ni rahisi. Ugumu uko hapa katikati, ambapo watu wanakula kwa mkono wako.

Madam akamgeukia Baba Makena.

Kabla sijaendelea, lazima niseme kwa nini hili lina uchungu kwangu, vinginevyo mtadhani mimi ni mwanamke anayemtakia mumewe kifo.

Baba yangu alikuwa na miti ya miraa kule Muthara, ile ya kale tunayoiita mbaine, miti mikongwe iliyoachwa na mababu. Alikufa nikiwa na miaka tisa. Sasa, kwa desturi yetu, mwanamke hakwei mti wa miraa wala hachumi. Siku hizi wako mabinti wanaobisha, na sheria iko upande wao, lakini sheria haiamki kukiwa na umande ikapanda juu ya mti kuchuma. Kwa hiyo mtu akifa na watoto wake ni wasichana, miti yake hutunzwa na ndugu zake. Neno lililotumika lilikuwa hilo, kutunza. Na kweli walitunza. Kila walipouza walimletea mama sukari na unga. Miezi mitatu. Labda minne, nikihesabu na ule walioleta sabuni peke yake. Baada ya hapo wakaanza kupita njia ya chini, ambayo haipiti kwetu.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wao.

Mimi niliishia darasa la nane. Nilianza kuuza misumari juu ya gunia, sokoni, kwa kipimo cha kopo la maziwa. Hakuna aliyenipa mtaji. Naandika hivi si kujisifu, ni kwa sababu kila ninapomsikia mwanamume wa huku akisema miti yangu ni bima ya familia, nataka kumuuliza ni familia ipi, ya mkewe au ya babake.

Na mume wangu ana mabinti watatu.

Basi Madam akamuuliza. Baba Makena akamjibu kama alivyonijibu mimi miaka yote hiyo: kampuni inaweza kufilisika, mti haufilisiki. Babu yake alikufa na miti ikaendelea kulisha watu. Nilitaka kumkumbusha wakati soko la nje lilipofungwa na mizigo ikakauka ndani ya majani ya mgomba, hakuna wa kuitafuna, lakini kulikuwa na wageni.

Kobia ndiye aliyeongea. Alikuwa na paja la kuku mkononi na furaha tele moyoni.

"Kwanza shemeji, wasiwasi wa nini? Ndugu yangu akitangulia, miti tutaiangalia sisi. Sukari hutakosa."

Alisema kwa wema wote. Nataka hilo lieleweke. Kobia ni mtu ambaye ukimwomba shati atakupa na suruali. Alidhani ananifariji.

Mama yangu aliweka sahani yake chini.

"Kilo ngapi?" akauliza.

Kobia hakuelewa. "Kilo ngapi za nini, mama?"

"Hiyo sukari. Na ni ya miezi mingapi, nijue kama itafika mpaka kwangu."

Kobia alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Hakuna aliyepandisha sauti. Baba Makena alimtazama mama, jambo ambalo huwa halifanyi, kisha akamtazama mdogo wake, kisha akatazama sahani. Anaijua habari ya sukari ya Muthara. Nilimsimulia kabla hatujaoana. Nadhani alikuwa hajawahi kuisikia ikitoka katika mdomo wa nduguye, ikiwa bado haijatokea. Madam alikusanya karatasi zake polepole, kama mwalimu anayejua kipindi kimeisha hata kama kengele haijalia. Baba Makena akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye alikuwa ameangaliwa tayari.

Niliosha vyombo nikiwa nimeshiba ushindi. Nakiri. Nilijiambia, sasa atatia sahihi.

Jana, Jumatatu, karibu na saa nne asubuhi, aliingia hapa dukani. Yeye haji dukani ila akitaka chenji. Aliketi juu ya mifuko ya saruji, akavua kofia, akasema nimwonyeshe zile karatasi zangu.

Ninazo. Kwa miaka mitano nimekuwa nikipiga hesabu ya bima yake nyuma ya risiti za saruji, kwa sababu bei zinabadilika na watoto wanakua. Akifa mwaka huu, tutahitaji kiasi gani. Akifa wakati Kendi yuko chuoni. Akifa wakati Nkatha ameingia sekondari. Nilimpa zote. Alizisoma moja moja, midomo ikitembea, kidole chini ya kila mstari. Mteja wa kitasa akaja, akahudumiwa, akaenda, naye bado anasoma.

"Umeniua mara tatu hapa," akasema. "Wewe hujafa hata mara moja."

Nilimwambia asilete mzaha. Akaniuliza karo ya Kendi muhula huu imelipwa na nani. Anajua imelipwa na nani. Akauliza ya Nkatha. Akauliza mabati yaliyoezekea nyumba tunayolala yalitoka duka la nani.

"Mimi nikifa, Kobia ataleta sukari yake, sawa, tumesikia," akasema. "Lakini kesho yake utafungua duka na Kendi atarudi shule. Ukifa wewe, mimi nitafungua hapa nimuuzie mtu nini? Sijui hata rangi ya mafuta na rangi ya maji zinatofautianaje."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umefunga kifungo cha shati tundu lisilo lake. Kisha akachukua chenji ya elfu moja, maana alikuwa anaihitaji kweli, akaenda.

Mteja aliyefuata alitaka bawaba za inchi nne nikampa za tatu, akarudi nazo baadaye akilalamika.

Mnajua nilifanya nini kwanza? Nilijitetea. Peke yangu, bila mtu kunishtaki. Nilijiambia kwamba nina miaka arobaini na mitano tu. Kwamba mimi sipandi pikapu za miraa alfajiri kama yeye, zile zinazokimbizana na jua. Kwamba bibi yangu aliishi mpaka akasahau majina yetu. Kwamba hata nikifa, duka lipo, na duka hili ndilo bima yao.

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Duka langu ni bima yao. Miti yangu ni bima yao. Ni sentensi moja, tumebadilisha kitu tu. Muuzaji wa jumla kule Meru mjini ananipa saruji nilipe mwisho wa mwezi kwa sababu ananijua mimi. Hajui kibao kilichopigiliwa juu ya mlango. Wiki mbili baada ya mazishi yangu angetaka pesa zake zote kwa mkupuo, na Baba Makena angemlipa kwa kuuza mabati kwa bei ya kutupa, kwa sababu hajui bei. Duka ambalo ni mtu mmoja anayelijua si mali ya kuachia watoto. Ni chuma kinachongoja kutu.

Kilichoniuma si kwamba nilisahau. Ni kwamba mimi, ninayelalamika hapa kila mwezi jinsi wanawake wa huku wanavyofanya kazi isiyohesabiwa, nilipokaa kuhesabu, nilianza na mwanamume. Nilimweka yeye kuwa nguzo kwa sababu ndivyo karatasi huanza. Hakuna aliyenilazimisha. Kalamu ilikuwa yangu.

Jana jioni nilipiga hesabu upya, na hii naiweka hapa kwa sababu najua kuna mtu atauliza. Nilichukua ile bima kavu, isiyorudisha kitu, ya miaka kumi na miwili, mpaka Nkatha atimize ishirini na mitatu. Fidia ya milioni mbili. Kwa umri wangu, Madam alisema, ni elfu ishirini na moja kwa mwaka. Kwa umri wa Baba Makena ni elfu thelathini na nne. Miaka mitano kati yetu, na tofauti ni elfu kumi na tatu. Angekata wakati ule nilipoanza kelele, angelipa kama mimi. Nimejizuia kumwambia. Naandika hapa tu.

Duka linaweza kutoa elfu tatu kwa mwezi bila kuumia, yaani elfu thelathini na sita kwa mwaka. Kila mmoja kwa milioni mbili haiwezekani. Kila mmoja kwa milioni moja inawezekana na kubakisha, na ndivyo moyo unavyotaka, nusu kwa nusu, hakuna wa kununa. Lakini milioni moja haimalizi chuo cha Kendi na shule ya Nkatha na deni la saruji. Ingewafikisha katikati ya daraja. Bima ambayo inawaacha katikati ya daraja ni afadhali uwaambie mapema kwamba hakuna daraja.

Kwa hiyo mimi milioni mbili. Yeye laki nane, elfu kumi na tatu na mia sita kwa mwaka, za kutuvusha mwaka mmoja na nusu tukijua wazi kwamba miti itakuwa inatunzwa. Inabaki elfu moja na mia nne, nauli ya kwenda kupimwa.

Nilimpigia Madam. Nilimweleza Baba Makena, akasema sawa, kana kwamba nimemwambia chumvi imeisha.

Leo asubuhi wamekuja wote wawili. Madam na mkoba wake, Baba Makena na shati safi. Nilifunga mlango nusu ili mteja aone tuko lakini tuna shughuli. Maswali yalikuwa ya kawaida: magonjwa, sigara, miraa. Alipoulizwa kama anatafuna miraa, Baba Makena alimuuliza Madam kama kuna mtu wa huku Tigania aliyewahi kujibu hapana akaaminiwa. Madam aliandika bila kuinua kichwa.

Kisha tukafika mahali pa kutaja nani atapokea pesa.

Kendi na Nkatha hawajafika miaka kumi na minane. Sheria inataka mtu mzima awapokelee na kuwashikia. Madam alinigeukia mimi kwanza, kalamu tayari, na niliona ameshaanza kuandika herufi ya kwanza ya jina la mume wangu, kwa sababu ndivyo wanawake wote wanavyosema.

Katika huo muda mfupi niliiona meza. Si meza ya Jumapili. Ile inayowekwa baada ya mazishi, wageni wakiisha kuondoka, wazee wamekaa, ndugu wamekaa, kila mmoja na neno zuri. Kuna mtoto wa Kobia wa kupeleka chuo. Kuna nyumba ya mama mkwe inayovuja. Kuna ukoo. Na nikamwona Baba Makena katikati yao, mtu mwema, ambaye katika miaka ishirini na minne sijawahi kumsikia akimwambia nduguye hapana. Pesa ya miti yake najua inakoenda. Inaenda kwa kila aliyeomba kabla yetu.

Nikasema, Makena.

Madam aliniangalia juu ya miwani. "Siyo baba yao?"

"Makena."

Akakata ile herufi, akaandika. Baba Makena alikuwa anasoma makopo ya rangi kwenye rafu, moja baada ya jingine, kama mtu aliyekuja kununua.

Ikafika zamu yake. Madam akamuuliza jina la atakayepokea. Alisema Mama Makena. Madam akacheka, akamwambia kampuni haimjui Mama Makena, inataka majina ya kwenye kitambulisho. Akayataja yote matatu, pamoja na lile la ubatizo ambalo sijaitwa nalo tangu nilipoolewa. Madam akasema anataka na nambari ya kitambulisho. Nikaanza kuinamia mkoba wangu kukitafuta.

Baba Makena aliitaja kwa kichwa. Tarakimu zote, moja baada ya nyingine, bila kusita.

Yake mimi siijui.

Akatia sahihi, akamshukuru Madam, akachukua kamba aliyokuja kuchukua na kuilipia, jambo ambalo huwa halifanyi, akaenda shambani. Hakuniuliza kitu. Laiti angeuliza.

Nimeipiga hesabu hii tangu saa tano. Makena ana miaka ishirini na mitatu, kazi yake ni vitabu vya hesabu, yuko Embu, mbali na ile meza, na hana shemeji wa kumwimbia shida. Kwa nambari, ndiye. Ningeulizwa na mwanamke yeyote anayesoma hapa ningemwambia afanye hivyohivyo, asimame hapohapo. Kwa hiyo sifuti. Nimejiuliza mara kadhaa kama nafuta, na sifuti.

Ijumaa tunakwenda Meru mjini kupimwa damu na presha. Tutakaa kwenye benchi moja tukingoja kuitwa. Hapo nitamwambia mwenyewe kwa nini nilitaja jina lile, asije akalifasiri peke yake huko shambani. Nitamwambia kwamba si yeye ninayemwogopa, ni hapana ambayo hajawahi kuisema.

Akiniuliza tofauti ni nini, sijui nitamjibu nini.